Usukani wa mkia kwenye joistiki: uweke sawa kabla hujalaumu gemu (uzi wa marubani wa Kigoma na Tabora)

#1 Mleta uzi (Mwanga, Kigoma)

Wakuu wa Kigoma, mwakeye. Wa Tabora, mwangaluka.

Nafungua uzi huu kwa sababu kwenye kundi letu la ndege za kivita maswali ni yale yale: ndege inavuta kushoto yenyewe, nikipaa inatoka nje ya barabara, nalenga vizuri lakini risasi hazipati. Na jibu linalotolewa ni lile lile: shusha ugumu, zima athari za injini, maisha yaendelee. Sikubaliani nalo hata kidogo. Mara nyingi ugonjwa uko kwenye mhimili mmoja tu wa joistiki, ule wa usukani wa mkia, na unatibika jioni moja bila kununua chochote.

Usukani wa mkia ni kile kibao cha wima nyuma ya ndege kinachopeleka pua kushoto au kulia. Rubani wa kweli anauendesha kwa miguu. Sisi tulio wengi tunauendesha kwa kuzungusha kishikio cha joistiki, maana pedali za miguu mpaka zifike huku ni shughuli.

Anzia kwenye Windows, gemu liache kwanza. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika joy.cpl, bonyeza Enter. Chagua joistiki yako, ingia Properties. Kwenye Logitech Extreme 3D Pro, ambayo ndiyo naiona sana kwa wenzetu, utakuta kisanduku chenye alama inayotembea ukisogeza kijiti, na pembeni yake mistari inayojaa na kupungua. Ulioandikwa Z Rotation ndio usukani wako. Zungusha kishikio polepole mpaka mwisho wa kushoto, kisha kulia, kisha achia. Mstari ujae wote, uishe wote, na ukiachia urudi katikati. Usiporudi katikati, nenda Settings, bonyeza Calibrate, fuata maelekezo mpaka mwisho. Ukiona unarukaruka wakati mkono umetulia, hilo ni tatizo la kifaa chenyewe na hakuna mpangilio wa gemu utakaoliponya.

Sasa kuna kipimo kimoja ambacho watu hawakifanyi, nacho kwangu ndicho muhimu kuliko vyote. Usizungushe kitu. Vuta kijiti kuja kwako mpaka mwisho, kwa nguvu ile ile unayotumia adui akiwa mgongoni, macho yakiwa kwenye mstari wa Z Rotation. Utaona unasogea. Kisha vuta na kulaza kulia kwa pamoja: unasogea zaidi. Kiganja hakiwezi kuvuta na kulaza bila kuzungusha kidogo, kwa hiyo kila unapokata kona kali unakanyaga usukani bila kukusudia. Pua inatoka pembeni, wewe unasema gemu lina makosa.

Kiasi ulichokiona kikisogea ndicho kipimo cha eneo mfu lako, yaani ile sehemu ya katikati ambayo ukiigusa ndege haisikii. Weka eneo mfu lizidi kidogo tu hapo. Wengi wanaozungusha kishikio wanaangukia asilimia 4 mpaka 8. Usinakili namba ya mtu wa YouTube, mkono wake si wako. Mwenye pedali hahitaji hata robo ya hiyo, maana mguu hauvutwi na kijiti.

Kwenye DCS World, gemu la kurusha ndege kwa uhalisia, nenda Options, kisha Controls, chagua ndege unayorusha, kisha Axis Commands. Tafuta mstari wa Rudder. Kila kifaa kilichochomekwa kina safu yake, na hapa ndipo wengi wanapoumia: DCS ikikiona kifaa kipya inakigawia mihimili yenyewe bila kukuuliza. Kama una joistiki na pedi ya gemu kwa wakati mmoja, usukani unaweza kuwa umeshikwa na vyote viwili, na kimoja kinamfuta mwenzake. Kwenye mstari wa Rudder iache safu moja tu yenye maandishi, nyingine zote zifute. Fanya hivyo hivyo kwa eleroni (vibao vya mabawani vinavyolaza ndege), kwa mkia wa kupanda na kushuka, na kwa moto wa injini.

Kisha bonyeza Axis Tune ukiwa juu ya safu uliyoiacha. Deadzone ndilo eneo mfu. Curvature ni mkunjo: ukiuongeza, katikati panalainika na mwishoni panakuwa pakali. Kwa kishikio cha kuzungusha napendekeza uanzie 20. Saturation Y usiiguse. Kuna watu wanaipunguza ili usukani uwe mpole, lakini maana yake ni kwamba hata ukizungusha mpaka mwisho, kibao hakifiki mwisho. Siku ndege ikianguka kwa kuzunguka utauhitaji usukani wote na hutaupata.

Kwenye IL-2 Sturmovik: 1946, ambayo nawashauri sana wenye laptopu za kawaida na bando dogo, nenda Controls, shuka mpaka HOTAS, bofya mstari wa Rudder halafu zungusha kishikio. Eneo mfu na vile vitelezi kumi vya usikivu viko Hardware Setup, sehemu ya Input. Vitelezi vya mwanzo vipunguze, cha mwisho kiache 100.

Kwa nini nasisitiza hivi? Kwa sababu ya risasi. Chukua ndege inayokwenda mita 130 kwa sekunde huku inateleza pembeni nyuzi 5 tu. Hapo inasogea pembeni kama mita 11 kila sekunde, na risasi inatoka nayo ikiwa na mwendo huo huo wa pembeni. Risasi ya bunduki ya P-51, ndege ya kivita ya Wamarekani, inachukua kama theluthi moja ya sekunde kufika mita 300. Zidisha: inapotea karibu mita 4. Bf 109 ya Wajerumani kutoka ncha ya bawa mpaka ncha ya bawa haifiki mita 10. Umelenga kiti cha rubani, umepiga karibu na ncha ya bawa. Na hakuna alama kwenye kioo cha kulengea itakayokuambia hivyo. Atakayekuambia ni kile kijipira kwenye mrija uliopinda, chini ya dashibodi. Kikikaa katikati, ndege inakwenda inakoangalia. Kikiangukia kulia, risasi nazo zinakwenda kulia. Dawa ni kukanyaga upande kilipoangukia: kijipira kulia, mguu wa kulia.

Karibuni kwa maswali.

#2 Mdau wa Ujiji

Mkuu, heshima kwako. Nimeweka kambi hapa. Mimi natumia TF-51D, yaani P-51 ya viti viwili, ile ya bure kwenye DCS. Eneo mfu nimeweka, Calibrate nimefanya. Lakini nikiongeza moto tu, ndege inakata kushoto mpaka kwenye majani. Nikizungusha kulia inarudi kwa kasi na kuangukia upande wa pili. Hapo pia ni joistiki?

#3 Mleta uzi

Kaka, hapo joistiki inaweza kuwa nzima kabisa. Hiyo ni P-51 yenyewe, na ndege halisi ilikuwa hivyo hivyo.

Panga boi lake, ukilitazama ukiwa umekaa kitini, linazunguka kama mshale wa saa. Upepo linaousukuma nyuma unajiviringisha kwenye mwili wa ndege na kuupiga mkia upande wa kushoto. Mkia unakwenda kulia, pua inakwenda kushoto. Papo hapo injini inaligandamiza gurudumu la kushoto. Tena mkia ukiwa bado chini, upande wa kulia wa panga boi unauma hewa zaidi kuliko wa kushoto, na huo nao unasukuma pua kushoto. Halafu unaponyanyua mkia kwa haraka, panga boi linalozunguka linajibu kwa kuvuta kushoto tena. Mambo manne, yote upande mmoja. Rubani asiyekuwa na mguu wa kulia ulio tayari hapai.

Fanya hivi. Kabla ya kuondoka weka trimu ya usukani (kile kirekebishi kinachoushikilia upande mmoja ili mguu upumzike) nyuzi 6 kulia. Vuta kijiti nyuma: kwenye ndege hii kijiti kikiwa katikati au nyuma, gurudumu la mkia linafungwa na linageuka nyuzi 6 tu kila upande, kwa hiyo linakusaidia kunyooka. Ukikisukuma mbele mapema, gurudumu linafunguka na ndege inakuwa huru kuzunguka. Ongeza moto taratibu mpaka inchi 40 kwenye kipimo cha presha ya injini, subiri ishike mwendo, usukani uanze kuuma hewa, ndipo uendelee kuelekea 61. Mkia uache unyanyuke wenyewe.

Na usizungushe ukashikilia. Gusa, rudisha, gusa, rudisha. Ukisubiri mpaka uone pua imetoka ndipo uzungushe, umeshachelewa, na unaporudisha unarudisha kupita kiasi. Ndicho hicho unachokieleza.

Angalia pia kwenye Options, ukurasa wa Special, sehemu ya P-51D na TF-51D: kuna usaidizi wa usukani na wa kupaa. Ukiwa umewashwa, gemu nalo linakanyaga usukani pamoja na wewe. Mimi naushauri uzimwe, mjifunze pamoja, wewe na mguu wako.

#4 Mdau wa Tabora

Mwangaluka wakuu. Mleta uzi umetutendea haki. Naongezea upande wa kifaa, maana kazi yangu ni ufundi wa redio na simu hapa mjini.

Ule mstari unaorukaruka kwenye Z Rotation chanzo chake ni kinyonga sauti kilichomo ndani, kile kile cha kuongezea sauti kwenye redio. Ndani yake kuna ukanda wa kaboni na kiguso kinachoteleza juu yake. Vumbi likiingia, au ukanda ukilika pale katikati ambapo kiguso kinashinda, usomaji unaruka. Vumbi la Tabora kiangazi mnalijua. Hata T.16000M ya Thrustmaster, inayosifiwa kwa sumaku, hizo sumaku ziko kwenye mbele-nyuma na kushoto-kulia. Mzunguko wa kishikio bado unatumia ukanda.

Fungua skrubu za chini, usivute kwa nguvu kwa sababu nyaya ni fupi. Kinyonga sauti cha mzunguko kiko chini ya shina la kijiti. Pulizia ile dawa ya kusafishia kontakti ambayo kila fundi redio anayo, zungusha kishikio kulia na kushoto mara nyingi, acha ikauke kabisa, funga, kisha Calibrate upya. Ikirudi kurukaruka baada ya muda mfupi, ukanda umekwisha, badilisha kinyonga sauti kwa chenye omu zile zile. Usipulizie mafuta ya cherehani wala ya baiskeli. Nimeletewa za namna hiyo na huwa zinakuwa mbaya kuliko zilivyokuwa.

Sasa pedali. Wakuu, hapa Tabora tuna mninga na tuna mafundi seremala, kwa nini tusubiri za dukani? Ubao mmoja wa chini, ubao wa kupita wenye ekseli katikati, mguu kila upande, springi mbili za kuurudisha katikati. Kwenye ekseli unafunga kinyonga sauti, nyaya zake tatu zinaingia kwenye Arduino, ile bodi ndogo ya kielektroniki, aina ya Leonardo au Pro Micro. Msichukue Uno kwa kazi hii: chipu ya Leonardo inaweza yenyewe kujitambulisha kwa kompyuta kama joistiki, ya Uno haiwezi hivi hivi.

Kuna jambo moja linalowaponyoka wengi. Kinyonga sauti cha kawaida kinazunguka karibu nyuzi 300, lakini ubao wa pedali unazunguka labda 60. Arduino hiyo inagawa mzunguko wote hatua 1024, hivyo ukifunga moja kwa moja kwenye ekseli unabaki na hatua kama 200 tu za kufanyia kazi. Inatosha kuruka, haitoshi kulenga vizuri. Weka gia mbili za plastiki za printa mbovu, kubwa kwenye ekseli na ndogo kwenye kinyonga sauti, ili ubao ukizunguka kidogo kinyonga sauti kizunguke sana.

#5 Mdada wa Kasulu

Shikamooni wakubwa. Sina joistiki, nina pedi ya Xbox. Usukani niuweke wapi? Kijiti cha kulia nimeshakitumia kuangalia huku na huku.

#6 Mleta uzi

Marahaba dada. Tumia vile vitufe viwili vya nyuma vya kuvuta, LT na RT. Kwenye magemu yanayoisoma pedi kwa njia ya zamani ya DirectInput, vyote viwili vinaonekana kama mhimili mmoja wa Z: ukivuta kimoja unakwenda juu, ukivuta kingine unakwenda chini, ukiachia vyote unarudi katikati. Huo ni usukani uliokamilika, na vidole viwili vinafanya kazi ya miguu miwili. Kwa maoni yangu ni mzuri kuliko kishikio cha kuzungusha, kwa sababu kukata kona hakuusogezi. Fungua joy.cpl uhakikishe mhimili unakwenda pande zote mbili. Ukikuta RT inapeleka pua kushoto, weka tiki kwenye Invert.

Kwenye War Thunder, kama unalenga kwa mausi, gemu lenyewe linaendesha usukani kwa niaba yako. Ndiyo maana wengi waliotoka huko wanashangaa wakiingia vita vya Simulator, ambako usukani unauendesha mwenyewe.

#7 Mdau wa Tabora

Kwenye suala la kugeuza upande, mtakaotengeneza pedali angalieni hili. Mguu wa kulia ukisukumwa mbele, pua inakwenda KULIA. Usukani wa baiskeli ni kinyume: mkono wa kulia ukienda mbele, unakata kushoto. Aliyekulia kwenye baiskeli mwanzoni anaona pedali zimegeuzwa, anaenda kuweka Invert, akija kukalia pedali za kweli anaanza upya. Msiguse Invert. Mwili unazoea.

#8 Mzee wa Katubuka

Vijana wangu, nawasoma. Swali langu ni moja: huu uhalisia wote wa nini, wakati gemu linakuruhusu kuzima? Hapa Kigoma ndege za vita zinatuhusu nini?

#9 Mleta uzi

Shikamoo mzee wangu. Zinatuhusu. Juni 1916 ndege za Wabelgiji aina ya Short, zile zinazotua majini, zilitoka ng'ambo ya ziwa zikaja kupiga mabomu bandari yetu, wakati huo ikiwa mikononi mwa Wajerumani. Meli waliyoitaka ni Graf von Götzen. Mwezi uliofuata Wajerumani waliizamisha wenyewe, ikaja kuibuliwa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina tunalolijua wote hapa: Liemba.

Ndege za enzi hizo nyingi hazikuwa na trimu ya usukani. Rubani alikuwa anavuka ziwa na kurudi, miguu haijaachia. Mtu akizima athari za injini anaweza kufurahi, simzuii. Lakini hatajua yule rubani alikuwa anafanya kazi gani kule juu.

Na kwa mwenye kupenda vita vya kwanza, jaribu Sopwith Camel kwenye Rise of Flight. Injini yake yote inazunguka pamoja na panga boi. Ukikata kulia pua inazama, ukikata kushoto pua inapanda, na pande zote mbili inadai usukani wa kushoto. Hapo kishikio chenye eneo mfu kubwa kupita kiasi kinakuumbua.

#10 Mdau wa Ujiji

Mkuu, mrejesho. Nimekuta mstari wa Rudder una safu mbili: joistiki na ile pedi ya mdogo wangu iliyokuwa imechomekwa nyuma ya kompyuta. Nimefuta ya pedi, nimeweka trimu 6 kulia, nimezima usaidizi. Nimepaa. Bado nayumba, ila niko hewani. Swali la pili: nikikata kona kali ndege inapiga mweleka na kuanza kuzunguka kuelekea chini. Najaribu kulaza kijiti upande wa pili, inazidi.

#11 Mleta uzi

Safi sana kaka.

Usilaze kijiti. Ndege ikiwa katika hali hiyo eleroni zinaizidishia. Moto ushushe mpaka chini kabisa, kijiti kirudishe katikati kushoto-kulia, usukani uzungushe WOTE kinyume na upande inakozunguka, kisha sukuma kijiti mbele. Shikilia mpaka mzunguko usimame. Ukisimama, usukani urudishe katikati mara moja, vinginevyo inaanza kuzunguka upande wa pili, halafu ndipo uvute taratibu utoke kwenye kupiga mbizi.

Lifanyie mazoezi ukiwa juu, mita 3000 kwenda mbele, na bonyeza Ctrl ya kulia pamoja na Enter. DCS itakuonyesha kisanduku kidogo chenye kijiti chako, na chini yake mstari wa usukani. Tazama ile alama ya usukani: je, inafika mwisho kabisa ukizungusha kishikio chote? Ikigota njiani, rudi Axis Tune uangalie Saturation Y iwe 100.

Kwa nini ilipiga mweleka kwenye kona? Dau langu ni kijipira. Ulivuta sana kikiwa nje ya katikati, bawa moja likakosa hewa kabla ya jingine. Ruka kona za wastani kwanza, macho yakirudi kwenye kijipira kila mara, na kila kikitoka kirudishe kwa mguu wa upande kilipo.

#12 Mdau wa Tabora

Na ukihamia Bf 109 ujue haina trimu ya usukani ndani ya chumba cha rubani; mafundi walikuwa wanapinda kibao kidogo cha mkia ndege ikiwa chini. Spitfire za Waingereza zenye injini ya Merlin zinavuta kushoto kama P-51 yako, ila zenye injini ya Griffon panga boi linazunguka kinyume, zinavuta kulia. Mguu wako wa kulia uliouzoesha hapo unakupeleka majanini.

#13 Mdada wa Kasulu

LT na RT zimekubali kwenye IL-2. Ila umeme ukikatika laptopu ikabaki kwenye betri, pedi inajizima katikati ya vita.

#14 Mdau wa Tabora

Dada, fungua Device Manager, nenda kwenye USB Root Hub, kila iliyopo ingia Power Management, toa tiki ya kuruhusu kompyuta ikizime kifaa ili kuokoa umeme. Na uichomeke kwenye tundu lile lile kila siku. Ukihamisha, mara nyingine kompyuta inaiona kama pedi mpya na mipangilio yako inabaki kule kwenye ya zamani.